Ujira wa Barua: Vijarida vya Wapenzi wa Star Trek

Tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya NBC ya Marekani ilipoanza kuonyesha mchezo wa Star Trek uliobuniwa na Gene Roddenberry, hapana aliyedhani kwamba kisa cha merikebu isafiriyo baina ya nyota kingewatia watazamaji hamu ya kushika kalamu wenyewe. Walakini mwaka uliofuata wanawake wawili, Devra Langsam na Sherna Comerford, walikwisha kutoa kijarida walichokiita Spockanalia, ambacho ndani yake mlikuwa na makala, mashairi na hadithi fupi juu ya Spock, yule afisa aliyezaliwa na baba wa sayari ya Vulcan na mama mwanadamu, akalelewa kuzitiisha huba na huzuni chini ya hukumu ya akili. Wajuzi wa mambo haya hukihesabu kuwa kijarida cha kwanza kilichowekwa wakfu kwa Star Trek peke yake, na Leonard Nimoy mwenyewe, aliyecheza sehemu ya Spock, aliwapelekea barua ya heri ikachapwa katika toleo la kwanza.

Kutoa kijarida zama zile kulitaka subira. Maneno yalipigwa kwa taipureta juu ya karatasi ya stensili, na kosa la herufi moja lilimlazimu mpigaji kulipaka dawa, kungoja ikauke, na kupiga tena; kisha stensili ikafungwa katika mashine ya kudurufu, mpini ukazungushwa, na jamaa na marafiki wakaizunguka meza wakiziokota kurasa moja moja kwa taratibu mpaka zikatimia kitabu, wakazibana kwa pini, wakaandika anwani na kubandika stempu. Bei ilikisiwa irudishe gharama tu, kwa sababu wahusika walikuwa mali ya wengine, na kwa sababu wengi waliona haya kujichumia faida katika kitu walichokipenda. Kwa hiyo mtunzi hakupata hata senti. Alipata nakala yake na, baada ya miezi, alipata barua.

Hizo barua za maoni ndizo zinazonivuta mimi katika habari hii kuliko hata hadithi zenyewe. Msomaji wa mji wa mbali, aghalabu mwanamke, ambaye pengine hajapata kuonana na mtunzi, alikaa jioni baada ya kazi akamwandikia mhariri: sentensi hii imenifurahisha, mazungumzo haya yamezidi urefu, na neno lile Spock hawezi kulitamka, maana katika kisa fulani tulimwona akilikataa. Mhariri akaichapa barua katika toleo lililofuata. Mtunzi akajibu, mtu wa tatu akaingia kati, na hoja ikadumu mwaka mzima, tena kwa adabu, maana aliyekosolewa leo alikuwa na haki ya kukosoa kesho. Palikuwa na desturi iliyorithiwa kwa wapenzi wa hadithi za sayansi waliotangulia, ya kwamba mwenye kuandika barua njema aweza kupewa toleo lifuatalo bila ya kulipa. Yaani maoni ya msomaji yalihesabiwa kuwa yana thamani sawa na fedha. Sioni uadilifu mkubwa kuliko huo katika dola ya waandishi.

Wapenzi hao waliotangulia walipatana kwa sababu nyepesi. Hugo Gernsback, aliyeanzisha gazeti la Amazing Stories mwaka 1926, alizichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao, wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Na kufikia 1930 wenzao wa Chicago walikuwa na kijarida chao, The Comet.

Walakini mashauri ya namna hii ni ya kale zaidi. Mwaka 1814 Anna Austen, aliyekuwa akitunga riwaya, alimpelekea shangazi yake, mwandishi Jane Austen, sura baada ya sura, naye Jane, akiisha kuwasomea jamaa wa nyumbani, alimrejeshea nasaha zilizo wazi: maelezo haya yapunguzwe, mtu wa daraja hii hajulishwi kwa wakubwa namna hiyo, na wahusika wasifuatwe mpaka Ireland maadamu wewe hujui desturi za huko. Jane alifariki 1817 na riwaya yake ya Sanditon haijakwisha. Anna alijaribu baadaye kuiendeleza, asiimalize. Shangazi wa kumrejeshea kurasa hakuwapo tena. Nasi wa pwani hatuna haja ya kustaajabu, maana mshairi Sayyid Abdallah bin Nasir alipoutilia takhmisi wimbo wa Liyongo, alifanya jambo lililo jamaa na hili, kuingia katika kazi ya mwingine kwa heshima na kuongeza mishororo yake.

Si kila jawabu lilikuwa la upole. Mwaka 1973 Paula Smith, akiisha kuchoshwa na hadithi nyingi za sampuli moja, aliandika katika toleo la pili la kijarida Menagerie kisa kifupi mno cha dhihaka, juu ya Luteni Mary Sue, binti wa miaka 15 na nusu, ambaye kila afisa humpenda, huiendesha merikebu peke yake, na kufa akililiwa na wote. Kama tahakiki ilikuwa sahihi, na ilifundisha zaidi ya barua mia. Lakini jina lile likageuka kuwa rungu mikononi mwa wasomaji wavivu, hata Camille Bacon-Smith, katika kitabu chake cha 1992, akasimulia kwamba wanawake waandishi waliogopa kumtia mwanamke yeyote hodari katika hadithi zao. Hilo lilikuwa dhuluma, na wala halikuwa kosa la Smith.

Wengine walipata malezi. Jacqueline Lichtenberg alianza mfululizo wa Kraith katika kijarida T-Negative cha Ruth Berman; wasomaji wakamwandikia, wakabishana naye, na makumi yao wakaingia wenyewe kutunga sehemu zake; mwaka 1974 alitoa riwaya yake mwenyewe, House of Zeor. Lois McMaster Bujold, aliyetoa kijarida StarDate pamoja na sahibu yake Lillian Stewart Carl mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuja kupata tuzo ya Hugo ya riwaya bora mara nne.

Katika miaka ya 1980 chama cha wapenzi wa hadithi za sayansi cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kiliweka sharti la hadithi yenye maneno 100 kamili, wala yasizidi wala yasipungue, na mwaka 1988 mkusanyiko wa The Drabble Project ukatoka na hadithi 100 za kadiri hiyo. Watungao juu ya michezo ya televisheni waliupokea mtindo huo kwa furaha, maana hadithi kama hiyo husomwa mara tatu kabla chai haijapoa, na msomaji aweza kuijibu neno kwa neno, kwa barua ndefu kuliko hadithi yenyewe.