Kiti cha Mama na Kiti cha Mwenyekiti

Mwaka 1986, mabaraza ya vijiji yaliyoitwa RC yalipoenea Uganda, kamati ya kila kijiji ilikuwa na viti 9, na kimoja kilikuwa cha katibu wa wanawake. Kilikuwa kimoja tu, lakini kilimtoa mama mkekani kikamweka mezani.

Wilaya ya Mbarara ilijua kutumia kiti cha namna hiyo. Mwaka 1989, kila wilaya ilipotakiwa kutoa mjumbe mwanamke bungeni, Mbarara ilimpeleka Miria Matembe, mwanasheria na mmoja wa waasisi wa ACFODE, shirika la kutetea haki za wanawake. Alidumu hadi 2006. Katikati ya safari hiyo alikuwa katika tume iliyokusanya maoni ya Katiba, kisha akawa waziri wa maadili na uadilifu. Katiba ya 1995 ndiyo iliyoagiza theluthi moja ya wajumbe wa kila baraza la serikali za mitaa wawe wanawake.

Winnie Byanyima alipita mlango mwingine. Mwaka 1994, binti huyu wa Mbarara aliyesomea uhandisi wa ndege Uingereza aligombea kiti cha wazi cha mji wake katika Bunge la Katiba, akapambana na wanaume na kushinda. Njia yake inaonyesha ulipo ugumu: kiti maalumu humwingiza mwanamke ndani, lakini watu wakishakizoea, akitaka kiti cha wote huambiwa, “Chako si kile pale?”

Swali hilo linasikika hata Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzia kwa Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Yalikuwa ndani ya wilaya ya Mbarara hadi Isingiro ilipomegwa mwaka 2005. Mkimbizi hapigi kura ya Uganda. Anachagua mabaraza ya ustawi, RWC, yenye ngazi 3, yaliyoundwa kwa kielelezo cha mabaraza ya LC ya wenyeji, warithi wa zile RC. Kielelezo kilikuja na kiti cha mama, kikaja na mazoea yake pia.

Kwa mwanamke mkimbizi, kizuizi kazini ni karatasi. Muuguzi aliyesimamia wodi Bukavu, Kongo, hufika na cheti cha Kifaransa, ambacho lazima kitafsiriwe, kilinganishwe na kulipiwa ada. Hela hiyo inashindana na unga na sare za watoto, basi anabaki mhudumu wa kujitolea chini ya watu ambao angeweza kuwafundisha.

Na mkutano wa baraza ukiitwa saa kumi na moja jioni, yeye yuko kwenye foleni ya maji, jerikeni za manjano zimepangwa mstari hadi barabarani. Anafika mkono ukiwa bado umelowa. Kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiingereza; yeye ana Kiswahili cha Kongo. Mkalimani anapomaliza kumweleza hoja ya kwanza, mwenyekiti ameshauliza kama kuna la ziada.