WALIOKUJA KWA BAHARI



Leo tusome Matendo 28:1-2. Meli imevunjika, watu 276 wametoka majini hadi Melita, wamelowa, wanatetemeka. Wenyeji hawakuanza na vitambulisho. Waliwasha moto kwanza.

Kenya nayo ina Melita yake. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Wengi walikimbilia Liboi kwa nchi kavu. Wengine walipanda majahazi na boti zilizojaa kupita kiasi, wakashuka na pwani hadi Mombasa. Si wote waliofika. Miongoni mwao walikuwamo Wabarawa, ambao Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili hiki tunachohubiria. Walipokelewa, wakakaa katika kambi kama Utange.

Lakini ona jambo hili. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka wa 1966, ila hadi 2006 hatukuwa na sheria yetu wenyewe ya wakimbizi. Wale watu waliishi kwa hisani ya wakubwa. Kambi za Pwani zilipofungwa, wengi walihamishiwa Dadaab na Kakuma, mbali na bahari na watu waliowazoea. Wapendwa, huruma bila haki ni moto usio na kuni. Hauwaki hadi asubuhi.

Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wapelekwe kambini. Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe walikwenda Mahakama Kuu hapa Nairobi, na tarehe 26 Julai 2013 agizo hilo likabatilishwa. Hizo ndizo kuni! Leo Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali maisha yake yamo hatarini, awe alikuja kwa miguu au kwa mashua.

Sasa wewe wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti, sheria haijitetei yenyewe. Jirani yako mkimbizi akikamatwa na karatasi zake ni halali, msindikize kituoni, usinyamaze. Mwenye nyumba, usimpandishie kodi kwa sababu tu hana wa kumtetea. Soma Kumbukumbu la Torati 10:19 ujue kwa nini.

Baba, utupe moto wa Melita, na utupe kuni zake. Kwa jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umtembelee mgeni mmoja wiki hii. Mbarikiwe.