Amana ya Masandukuni na Vifuani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji, baada ya vita vya Yamama, katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A.), ilionekana kuwa wengi katika waliokufa mashahidi ni watu walioihifadhi Qur'ani. Sayyidna Umar (R.A.) akaingiwa na khofu, akamwendea Khalifa kumshauri ikusanywe. Kazi ile akapewa Zaid bin Thabit (R.A.), naye akaikusanya kutoka kwenye makuti ya mitende, mawe, na vifua vya watu. Tazama busara yake: hakutosheka na kilichoandikwa peke yake, wala na kilichohifadhiwa peke yake, bali aliviweka pamoja, kimoja kikishuhudia kingine.

Qur'ani Mola wetu ameahidi kuilinda. Ama vitabu vya wazee wetu na khabari zao havina ahadi hiyo. Hivyo ni amana juu yetu sisi.

Basi na tuitazame pwani yetu. Ziko barua za Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711. Zimehifadhiwa Goa, katika nchi ya India, kwa kuwa Wareno hawakutupa karatasi zao. Kitab al-Sulwa, kitabu cha tarehe ya Kilwa, nakala yake iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 iko London. Na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa vinywani mwa watu kiasi cha miaka 40 na zaidi, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya akishirikiana na kasisi wa Kiingereza, W. E. Taylor. Karatasi hizo nazo ziko London, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Waliohifadhi hatuwalaumu, bali twawashukuru. Lakini je, si ajabu mtoto wa Mombasa avuke bahari kwenda kutazama maneno ya babu zake?

Wako wanavyuoni wetu walioliona jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) aliandika kwa Kiarabu tarehe ya Mazrui wa Mombasa. Mswada ule ulitunzwa hata ukachapishwa pamoja na tafsiri mwaka 1995, naye yuko kaburini miaka 48. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982) alikusanya khabari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, akazitoa Unguja mwaka 1944, kisha akazipanua. Humo utakuta nani kasoma kwa nani, na nani alikuwa akidarsisha wapi. Nyingi katika khabari hizo huzipati katika majalada ya serikali; zilikuwa vifuani. Na Lamu, katika Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Saleh, hati za mkono zilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na vitabu vyenyewe vikabaki palepale.

Sasa tuje majumbani mwetu. Mzee hufa, watoto wakafungua sanduku, wakaona herufi za Kiarabu. Kwa kuwa hatukuwafundisha kusoma Kiswahili kwa herufi hizo, hudhani kila karatasi ni Qur'ani. Hukhofu isije ikakanyagwa, wakazifunga zote bunda moja wakazizika au wakazitia moto. Msahafu uliochakaa, ni kweli wanavyuoni wameruhusu ufanyiwe hivyo kwa heshima. Lakini ndani ya bunda lile mwaweza kuwa na hati ya kununua shamba, wasia, wakfu, kitabu cha dawa, au utenzi alioandika bibi kwa mkono wake.

Hasara hii si ya elimu tu. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria katika pwani ya Kenya, ikawataka watu waje wathibitishe madai yao ya ardhi. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya Serikali. Karatasi ya wakfu ni ulimi wa aliyekwisha kufa. Ukiizika, umemkata ulimi, na huenda umewadhulumu mayatima na msikiti haki yao.

Tufanyeje basi? Kila mtaa una msikiti au madrasa. Liwekwe humo kabati, liinuliwe kutoka chini na liachane na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Liwepo daftari: jina la kitabu, ni cha nani, kimeletwa lini. Asiyetaka kukitoa asilazimishwe. Kipigwe picha arudishiwe. Na bunda lolote lisizikwe kabla ya kusomwa na mjuzi.

Kisha waendeeni wazee, na khasa mabibi, na hizo simu zenu zinazonasa sauti. Msiulize vita na wafalme tu. Ulizeni kisima cha mtaa kilichimbwa na nani, majahazi yalikuja na nini wakati wa kaskazi, chuoni mlilipa nini mtoto alipokhitimu, na mwaka wa njaa watu walikula nini. Fuateni mwendo wa watu wa Hadithi: andikeni jina la msemaji, siku, na yeye alisikia kwa nani. Wakikhitalifiana wawili, andikeni kauli zote mbili. Na aibu za watu zisitiriwe, kwani kumbukumbu isigeuzwe kuwa ghiba.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako liko sanduku ambalo hujalifungua, na yuko mzee ambaye hujamwuliza. Sanduku laweza kungoja kidogo. Mzee huyo ajali yake haijui ila Mola wake. Anza kwake, leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu wa amana. Wabillahi tawfiq.