Furushi la Majani

Mwaka 1904 mtu aitwaye Nsala alifika kwenye misheni ya Baringa, Kongo, amebeba furushi la majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa kwa kuwa kijiji hakikuleta utomvu wa mpira wa kutosha. Bibi Alice Harris, mmisionari, akampiga picha akiviangalia. Picha za Bibi Harris zilionyeshwa makanisani Uingereza, na waliodhani habari hizo ni uvumi wakajionea. Mwaka 1908 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake, alilazimika kuiachilia.

Mungu aliisikia damu ya Habili. Nawe, jirani yako akimtumikisha mtoto bila mshahara, utafumba macho? Na tuombe.