Kijijini sheria inahesabu wanawake, kwenye bodi inawasahau

Ukifika Litumbandyosi, kata ya Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, na ukataka kujua ugomvi wa mpaka wa shamba unaanzia kusikilizwa wapi, utaelekezwa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Halmashauri ya kijiji hupendekeza majina, mkutano mkuu wa kijiji huyapitisha. Mwenyekiti hawezi kujaza nafasi saba kwa marafiki zake wa kilabuni na mambo yakaisha hapo.

Sasa panda juu, kwenye bodi za mashirika ya umma. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba mwenyekiti huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na Waziri mwenye dhamana. Sheria nyingi zilizounda mashirika hayo zinataja elimu, uzoefu na wizara zinazopaswa kuwakilishwa. Idadi ya wanawake hazitaji. Ilikuwaje kijiji kikatangulia? Jibu limo katika historia ndefu, na sehemu yake nzuri imepita katika milima ya Umatengo, hukohuko Mbinga.

Zamani Wamatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja na kuzungumza mambo ya mashamba, ndoa na magomvi. Neno la mwisho lilikuwa la mzee. Utawala wa Waingereza ulipokuja na mabaraza yake ya wenyeji, uliweka machifu na wazee mezani, na meza ikabaki ya wanaume. Mwaka 1936 ukaundwa Umoja wa Ushirika wa Wangoni na Wamatengo, uliokuja kuuza tumbaku ya Songea na kahawa ya Mbinga. Wakulima waliupenda kwa sababu bei ilizungumzwa na watu wao. Lakini uanachama ulimfuata mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa baba.

Hapa inafaa kutua kidogo, maana ndipo mambo yalipofungiwa. Kilimo cha ngoro, kilichoupa Umatengo sifa, kina mgawanyo wake wa kazi. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatizana, kisha mwanamke hushika jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, hadi mteremko mzima ujae vishimo vinavyozuia maji yasiondoke na rutuba. Kwenye kahawa, mama huchuma, huosha, huanika, hupalilia na mara nyingi ndiye anayebeba gunia hadi kituoni. Pale kituoni karani hupima kilo na kuziandika kwenye daftari. Kwa miongo mingi jina lililoandikwa mbele ya kilo hizo lilikuwa la mume. Jina la daftarini ndilo lililopiga kura, lililogombea kamati, na lililopelekwa Songea kwenye chama kikuu. Kutoka hapo ndiko serikali ilikochukua wawakilishi wa wakulima ilipounda bodi za mazao. Mama hakuzuiwa mlangoni na mtu yeyote. Alikuwa hayumo kwenye orodha tangu mwanzo.

Uhuru ulileta sauti mpya lakini haukubadili daftari. Umoja wa Wanawake (UWT) uliundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akauongoza. Lucy Lameck akawa Naibu Waziri miaka ya sitini, na mwaka 1975 Tabitha Siwale na Julie Manning wakawa mawaziri kamili. Wakati huohuo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma yaliongezeka hadi kupita 400 kufikia miaka ya themanini, kila moja na bodi yake. Nani alikaa humo? Makatibu wakuu, wakurugenzi, maofisa wa chama, na aghalabu mtu mmoja alikuwa na viti kadhaa. Ukishajulikana kwenye bodi moja unateuliwa ya pili, na posho ya kikao haikumchukiza mtu.

Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 ilitungwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), iliyoweka halmashauri ya kijiji kuwa na wajumbe kati ya 15 na 25. Baadaye ndipo likaingia sharti kwamba angalau robo yao wawe wanawake. Bungeni vilianza viti maalumu 15 mwaka 1985, na kufikia uchaguzi wa mwaka 2005 uwiano ulikuwa asilimia 30. Mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, ulisukuma sana mambo haya.

Viti maalumu vimesemwa vibaya, na lawama nyingine ni za haki, kwa sababu mbunge asiye na jimbo humtegemea aliyempa nafasi. Hata hivyo mwambao wa Ziwa Nyasa una mfano wake. Mhandisi Stella Manyanya aliingia bungeni kwa viti maalumu, kisha mwaka 2015 akachaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa Jimbo la Nyasa.

Lakini sheria iliyobana kuliko zote ilikuja kwa njia ya ardhi. Wanaharakati wa miaka ya tisini walipigana hasa kuhusu mjane anayefukuzwa na shemeji zake, na mibuni aliyoipalilia miaka 20 ikahesabiwa kuwa mali ya ukoo. Sheria ya mwaka 1999 ikasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Watunga sheria walijua pia kwamba mjane akipelekwa mbele ya wanaume watupu, maneno hayo yatabaki kwenye karatasi. Wakaweka idadi. Mwaka 2002, sheria ya mahakama za ardhi ikaongeza kwamba baraza la kata liwe na wajumbe wanne hadi wanane, watatu wakiwa wanawake, na linapokaa kusuluhisha likae na watu watatu, mmoja wao angalau mwanamke.

Sharti hilo lilikuwa na meno mabaraza ya kata yalipokuwa yakiamua kesi, kabla ya mwaka 2021. Mara nyingi Mahakama Kuu ilifuta maamuzi yao kwa sababu baraza halikukaa kama sheria inavyotaka, au kumbukumbu hazikuonyesha nani alikuwepo na kwamba wanawake walitimia. Kesi ya miaka mitano ya shamba la ekari mbili ilianza upya kwa kosa hilo. Iliwaumiza wenye kesi, ni kweli. Lakini iliwafundisha makatibu wa mabaraza kuhesabu wajumbe kabla ya kufungua kikao. Kwenye bodi nyingi za mashirika, wanaume saba wakikaa peke yao na kuidhinisha mkataba wa mabilioni, uamuzi wao unasimama.

Tanzania ilitia saini Itifaki ya SADC ya Jinsia na Maendeleo mwaka 2008, iliyotaka nusu ya nafasi za maamuzi, za umma na za binafsi, ziwe za wanawake kufikia mwaka 2015. Mwaka huo ulipita. Wenzetu walikwenda njia nyingine. Rwanda iliandika asilimia 30 katika Katiba ya mwaka 2003, kwa vyombo vyote vya maamuzi. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lao limeshindwa kulitimiza, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwaka 2020 alivunje. Norway ilitunga sheria ya asilimia 40 kwa bodi za kampuni mwaka 2003, na waliodai kwamba wanawake wenye sifa hawatapatikana walikuta wamepatikana.

Hoja hiyo ya sifa inasikika sana hapa kwetu, na kwa kweli imechosha. Rais Samia Suluhu Hassan amewateua wanawake wengi tangu mwaka 2021, akiwemo Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza kuiongoza Wizara ya Ulinzi. Ni hatua njema, ila inategemea anayeteua ni nani. Rais mwingine anaweza kuona vingine na asivunje sheria yoyote. Tena jinsia ni upande mmoja tu. Mkulima mdogo, kijana, mtu mwenye ulemavu, au mtu anayeishi mbali na Dar es Salaam na Dodoma naye ana haki ya kuuliza nani anamsemea pale bei na makato ya kahawa yanapoamuliwa.

Bunge halihitaji kwenda Oslo kutafuta maneno ya kuandika. Yamo katika sheria zake lenyewe za mwaka 1999 na 2002: taja idadi, kisha sema kikao kisichotimiza idadi si kikao. Na wewe msomaji, mkutano mkuu wa kijiji chako huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda, omba kusomewa majina ya wajumbe wa baraza la ardhi, na wahesabu.