Soksi za Majira ya Joto ya 1918

Mwaka 1918 ungepita mbele ya Ikulu ya Marekani ungewaona kondoo wakila majani kwenye bustani ya Rais. Woodrow Wilson aliwaleta ili watunza bustani waachiwe kwenda kufanya kazi za vita, na kundi likaongezeka hadi kufikia kondoo 48. Waliponyolewa, sufu yao iligawiwa majimboni ikapigwa mnada, na mnada huo ukauingizia Msalaba Mwekundu dola 52,823. Nchi nzima ilikuwa inatafuta sufu, na sehemu kubwa ya sufu hiyo iliishia kwenye soksi.

Mimi ni mfumaji kutoka Njombe. Kwetu baridi kali ni Juni na Julai, na ndiyo miezi ambayo mama zetu walikaa jikoni karibu na moto wakifuma masweta ya shule. Hapa Worcester, Massachusetts, ninakoishi sasa, Juni na Julai ndiyo joto lenyewe, na ndiyo miezi ya besiboli. Mikono yangu haikubali kubadili kalenda. Basi jioni nikitoka zamu ya kazi naenda Polar Park, uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 2021, nikiwa na uzi na sindano kwenye kikapu, nafuma soksi huku natazama mpira. Karibu kila mara jirani wa kiti huuliza: soksi za sufu, kwenye joto hili? Ni swali zuri, na wanawake wa 1918 wangeweza kulijibu vizuri kuliko mimi.

Marekani iliingia katika Vita ya Kwanza ya Dunia Aprili 1917. Kule Ufaransa askari walikuwa wanaishi kwenye mahandaki yaliyojaa maji na tope. Mguu ukikaa ndani ya soksi mbichi siku kadhaa huvimba, hufa ganzi, ngozi hubadilika rangi, na mwisho huweza kuoza hadi ukatwe. Jeshi la Uingereza lilikuwa limeshapoteza maelfu ya watu kwa namna hiyo bila risasi hata moja kufyatuliwa. Kinga ilijulikana: kausha miguu, ipake mafuta, vaa soksi kavu kila siku. Lakini kila askari kuvaa soksi kavu kila siku ni soksi nyingi mno, na viwanda havikutosha. Msalaba Mwekundu ukawageukia wafumaji. Mabango yakabandikwa kila mahali yakiwaambia watu kwamba vijana wanahitaji soksi, kila mtu afume sehemu yake. Na soksi itakayovaliwa Desemba haifumwi Desemba. Lazima ikaguliwe, ifungwe kwenye masanduku, ivuke Atlantiki, ifike kwenye handaki kabla ya theluji. Hivyo ilifumwa Julai, kwa vidole vyenye jasho.

Nikifika hapa siwezi kupita bila kusema habari za kwetu. Vita hiyo hiyo ilipita Njombe. Majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliingia mjini mwaka 1916, na nyuma ya kila jeshi, la Waingereza na la Wajerumani, walikuwapo wapagazi waliobeba unga na risasi vichwani. Karibu wote walikuwa pekupeku. Askari wengi wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika cha Waingereza, nao walipigana pekupeku. Funza waliwala miguu hata wakashindwa kutembea. Dar es Salaam tuna mtaa mzima, Kariakoo, uliopewa jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Nimetafuta katika vitabu vya ufumaji wa vita ile habari ya pea moja ya soksi iliyofumwa kwa ajili ya miguu ile, na sijaiona. Siwalaumu wanawake wa Boston au Chicago, waliofuma walichoombwa. Wale walioomba ndio ambao miguu yetu haikuwa kwenye hesabu yao.

Soksi ya jeshi ilikuwa na masharti. Inafumwa kwa sindano nne au tano zenye ncha pande zote mbili, kwa mzunguko, kuanzia juu kushuka chini. Uzi wa kijivu au kaki. Fundo haliruhusiwi popote, maana fundo dogo ndani ya buti baada ya maili kumi ni lengelenge, na lengelenge kwenye tope ni kidonda. Kisigino ndipo wengi walipokwama, kwa kuwa lazima ugeuze vitanzi kwa mistari mifupi mifupi hadi kitambaa kijikunje chenyewe kama kikombe. Vidoleni mshono ulikuwa adui, hivyo soksi inafungwa kwa sindano butu, kitanzi kwa kitanzi, hadi usijue ilipoungwa. Wafumaji wa Kiingereza hadi leo wanaita ufungaji huo kwa jina la Kitchener, yule Waziri wa Vita wa Uingereza aliyezama na meli ya Hampshire Juni 1916. Kama kweli aliubuni yeye au alipewa tu heshima, wafumaji hawajaacha kubishana. Soksi iliyofumwa vibaya ilifumuliwa ofisini na kufumwa upya na mikono iliyozoea. Baadhi ya matawi ya Msalaba Mwekundu yalikuwa na mashine ndogo za kuzungusha kwa mkono, na kwa mtu aliyeizoea soksi moja ilitoka chini ya saa moja.

Walifuma wanawake, walifuma watoto wa shule, wavulana kwa wasichana. Wazima moto wa Cincinnati walipigwa picha wakifuma huku wakingoja kengele. New York iliandaa mashindano ya ufumaji katikati ya bustani ya Central Park majira hayo hayo ya joto.

Cincinnati ndiko pia soksi ilikoingia kwenye besiboli. Mwaka 1869 mji huo ulikuwa na timu ya kwanza kuwalipa wachezaji wake wote waziwazi, chini ya Harry Wright. Walivaa suruali fupi zinazoishia magotini, na chini yake soksi ndefu nyekundu ambazo watu wa wakati huo waliziona ni ujasiri mkubwa. Timu ikaitwa Red Stockings. Wright alipohamia Boston mwaka 1871 alikwenda na jina na rangi. Mwishoni mwa 1907 John I. Taylor, mwenye timu nyingine ya Boston, aliichukua ile nyekundu na kuiita timu yake Red Sox. Chicago nako kuna White Sox, nao jina lao ni la soksi nyeupe.

Rangi zile zilileta hofu. Viatu vya besiboli vina meno ya chuma, na mwaka 1905 Nap Lajoie wa Cleveland alichomwa mguuni na jino la kiatu, kidonda kikaingia sumu, akakosa sehemu kubwa ya msimu. Watu wakailaumu rangi ya soksi. Ndiyo maana wachezaji wakazoea kuvaa soksi nyeupe isiyotiwa rangi ndani, na ile ya rangi juu yake, iliyokatwa chini ibaki kama ukanda unaopita chini ya unyayo. Mfumaji akiitazama picha ya mchezaji wa zamani huanzia hapo, miguuni.

Sasa yatazame majira ya joto ya 1918. Mwezi Mei Jenerali Enoch Crowder, msimamizi wa uandikishaji wa askari, alitoa amri kwamba mwanaume wa umri wa jeshi afanye kazi yenye faida kwa vita au aende kupigana. Julai, Waziri wa Vita Newton Baker akaamua kuwa besiboli si kazi ya lazima. Msimu ulikatwa, ukaisha mwanzoni mwa Septemba. Mchezo uliojaza magazeti, uliolipa wanaume mishahara mikubwa, uliambiwa unaweza kungoja. Soksi, ambayo siku zote ilihesabiwa kuwa kitu cha bibi kupitishia jioni, serikali ilikuwa inaiomba kwa mabango. Sijui mwaka mwingine ambao mizani hiyo ilipinduka wazi namna ile, na naudhika kwamba vitabu vya besiboli hueleza nusu ya kwanza tu.

Fainali ilichezwa mapema kuliko kawaida. Septemba 5 Chicago Cubs waliwakaribisha Boston Red Sox kwenye uwanja wa Comiskey, nyumba ya White Sox, kwa sababu ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wa Cubs. Walikuja watu 19,274 tu. Babe Ruth, kijana wa miaka 23 ambaye bado alikuwa mrushaji, aliwanyima Cubs hata pointi moja, Boston wakashinda 1 kwa 0. Zamu ya saba, watu walipoinuka kujinyoosha, bendi ikapiga The Star-Spangled Banner, ambao ulikuwa bado haujawa wimbo wa taifa, maana ulitangazwa rasmi mwaka 1931. Fred Thomas wa Boston, aliyekuwa amepewa ruhusa na jeshi la majini aje kucheza, akasimama akapiga saluti, na watazamaji wakaanza kuimba. Desturi ya kuimba wimbo huo michezoni ilipata nguvu pale. Septemba 11 Boston walitwaa ubingwa, na hawakuupata tena hadi 2004.

Vita iliisha Novemba, lakini sindano hazikuwekwa chini mara moja, maana hospitali zilikuwa zimejaa na wakimbizi wa Ulaya walikuwa wanaingia kwenye baridi.

Miaka mingi baadaye sindano na besiboli vilikutana tena: kufuma uwanjani kulipata siku yake rasmi mwaka 2005 kule Seattle, wafumaji walipotengewa viti kwenye mechi ya Mariners, na timu nyingine zikaiga. Besiboli inafaa kwa kazi hii kuliko mpira wa miguu, kwa sababu kati ya mrusho na mrusho kuna nafasi ya kumaliza sindano moja na kuinua macho. Tangu 2023 ligi kuu imemwekea mrushaji saa: sekunde 15 kama vituo viko vitupu. Mechi iliyochukua wastani wa saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 ikashuka hadi saa 2 na dakika 40. Wengi wamefurahi. Mimi nimelazimika kupanga upya. Uwanjani nafuma sehemu ya juu ya soksi, ambayo vidole huijua bila macho, na kisigino nakigeuza nyumbani mezani, taa ikiwa inawaka vizuri.