Kabla ya kusema ndovu wanapendwa kuliko watu

Kampeni zikifika kaunti zinazopakana na mbuga, lazima mtu apande jukwaani aseme serikali inapenda ndovu kuliko watu. Makofi. Mtandaoni anajibiwa na picha ya mtoto wa ndovu akinyonya chupa, mjadala unaishia hapo. Hebu turudi nyuma kidogo.

Tsavo ilifanywa mbuga 1948. Waata walikuwa wakiwinda ndovu huko kwa mishale ya sumu tangu enzi za mababu. Sheria ikawageuza majangili, na msako wa miaka ya 1950 ukawatia wengi jela. Kwa hivyo hii hasira ni ya kitambo.

Lakini tusidanganyane. Yale mauaji makubwa hayakuwa ya mtu mwenye njaa na upinde. 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufika 1989 walibaki kama 16,000, na uwindaji ulishapigwa marufuku 1977! Hiyo ni kazi ya bunduki, ufisadi na soko la ng'ambo. Julai 1989 tani 12 za pembe zikachomwa Nairobi, na Oktoba biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa.

Sasa sehemu ambayo jukwaani huisikii: mwaka huohuo wa 1989, fidia ya mazao iliondolewa kwenye sheria. Ndovu akalindwa, mwenye shamba akaachwa na mabua. Ya kifo ilibaki, shilingi 30,000, baadaye 200,000. Ni sheria ya 2013 iliyoipandisha hadi milioni 5 na kurudisha ya mazao. Kwa karatasi iko sawa kabisa. Shida ni malipo, familia zinangoja miaka.

Na yule wa chupa? Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kupata maziwa ambayo mtoto wa ndovu angeyaweza. Walezi humnywesha kila baada ya saa tatu, usiku wanalala naye, halafu akikua anarudishwa Tsavo. Wengine mama zao waliuawa na majangili, wengine ni ukame, wengine walitumbukia visimani. Maziwa hayo hulipiwa na wafadhili, si pesa ya fidia yako.

Kwa hivyo akija kuomba kura, achana na chupa. Muulize: bajeti ya fidia mwaka huu ni ngapi, na madai ya kaunti yetu yamelipwa mangapi?